Tiki Moja, Tiki Mbili: Habari Husafirije hadi Koboko?

ELIMU YA NYUMBANI

Mama mmoja wa Koboko, mke wa askari, ametuletea swali ambalo kwa hakika si lake peke yake. Mumewe yuko kazini upande wa Karamoja. Mwanzo wa muhula alimtumia shilingi 200,000 za ada ya shule kwa njia ya simu. Simu ya mume ikasitasita, haikusema ndiyo wala hapana, naye akabonyeza mara ya pili. Mke hadi jioni hakuona kitu. Mume akasema, "Nimekwisha kutuma." Mke akasema, "Hakuna kilichofika." Alipomwandikia kwa WhatsApp aliona tiki moja tu, ya kijivu, tangu alasiri hadi usiku, na maneno yakaanza kuwa makali. Anauliza: je, fedha na barua za simu zaweza kudondoka njiani, kama gunia linavyodondoka kutoka juu ya lori baina ya Nebbi na Arua?

Naam, ndugu wasomaji, habari hudondoka. Hudondoka kila saa, tena kwa maelfu ya vipande, na mtandao haushtuki hata kidogo, maana waliouunda walijua tangu mwanzo kwamba vitadondoka. Maajabu yake ni kwamba juu ya njia isiyoaminika wamejenga usafirishaji unaoaminika. Jinsi walivyofanya hivyo yafaa ijulikane katika kila nyumba inayopokea fedha kwa simu, na siku hizi ni nyumba gani isiyopokea?

Kwanza hatuna budi kuondoa picha moja potofu. Zamani, ulipotaka kuzungumza kwa simu kutoka Arua hadi Kampala, mpiga simu wa posta aliunganisha waya kwa waya, na muda wote wa mazungumzo njia ile ilikuwa yako peke yako. Ukinyamaza, waya ulinyamaza nawe. Mtandao wa kompyuta haufanyi hivyo. Hakuna mwenye njia yake. Habari yo yote, iwe picha ya mtoto au amri ya kulipa ada, hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande hutiwa katika bahasha yake. Juu ya bahasha huandikwa anwani ya anayepelekewa, anwani ya mpelekaji, na namba ya mfuatano. Wataalamu huziita bahasha hizo pakiti. Aghalabu pakiti moja haizidi baiti 1,500, kwa hiyo picha ya baiti milioni 3 hukatwa vipande zaidi ya 2,000, na kila kimoja hutumwa kama msafiri anayejitegemea, kikichanganyika barabarani na vipande vya watu wengine. Hata vipande viwili vya picha moja vyaweza kupita njia mbalimbali, na cha nyuma kikafika kabla ya cha mbele. Namba zile ndizo humwezesha mpokeaji kuvipanga upya.

Wazo hilo lilizuka miaka ya 1960 kwa watu wawili ambao hawakushauriana. Paul Baran, wa shirika la RAND huko Marekani, alichapisha mwaka 1964 maelezo ya mtandao ambao ungeendelea kufanya kazi hata kama adui angevipiga baadhi ya vituo vyake. Huko Uingereza, Donald Davies alifikia wazo lile lile kwa sababu za kiraia, naye ndiye aliyelitoa jina la pakiti. Watu hupenda kusema kwamba mtandao wa kwanza mkubwa wa namna hiyo, ARPANET, ulijengwa kwa ajili ya vita vya nyuklia. Sivyo, ulijengwa ili vyuo na maabara zipate kutumia kompyuta za wenzao. Ujumbe wake wa kwanza ulitumwa tarehe 29 Oktoba 1969 kutoka chuo kikuu cha UCLA hadi taasisi ya utafiti ya Stanford. Ulikusudiwa kuwa neno la Kiingereza la kuingia katika kompyuta, lenye herufi tano. Zikafika herufi mbili, L na O, na mtambo ukaanguka. Msomaji atakayekasirishwa na simu yake leo akumbuke kwamba jambo hili lilianza kwa kukwama.

Wale miongoni mwetu waliopata kuketi mbele ya simu ya upepo wataelewa sehemu inayofuata upesi kuliko maprofesa. Askari wa signali hatupi maneno hewani akaondoka. Ujumbe wake una namba. Juu ya fomu huandikwa idadi ya maneno yaliyomo. Mpokeaji huhesabu, yakipungua, huomba yarudiwe, yakitimia, hujibu kwamba amepokea. Na mpelekaji asiposikia jibu, hawezi kudhani tu kwamba mambo ni salama, atarudia.

Kompyuta mbili zinazozungumza hufuata nidhamu iyo hiyo. Kanuni zake ziliandikwa na Vint Cerf na Bob Kahn katika makala yao ya mwaka 1974, zikakomazwa, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wote wa ARPANET ukahamia kwazo. Huitwa TCP/IP, na zingali zikitumika hadi leo, hata katika simu iliyomo mfukoni mwako. Mpelekaji hutoa vipande vyenye namba, pamoja na hesabu ndogo inayotokana na yaliyomo ndani. Mpokeaji hupiga hesabu ile upya. Isipolingana, kipande kimeharibika, naye hukitupa bila kusema neno. Ikilingana, hurudisha taarifa: nimepokea hadi namba fulani, lete inayofuata. Mpelekaji naye ana saa yake. Muda ukipita bila taarifa, hukituma kipande kile tena. Bado kimya? Husubiri mara mbili ya muda wa kwanza, kisha mara mbili tena, asije akaishindilia njia iliyokwisha kuelemewa.

Lakini je, ikiwa kipande kilifika salama, na kilichopotea ni ile taarifa ya kupokea? Hapo mpelekaji, kwa kutojua, atakituma kipande kile kile mara ya pili. Mpokeaji ataitazama namba, ataona kwamba anacho tayari, atakitupa hicho cha pili na kurudisha taarifa upya. Hakuna kilichozidi wala kupungua. Jambo hili msomaji alikumbuke, maana tutalihitaji tutakapozirudia zile shilingi 200,000.

Sasa tuingie barabarani. Anayesimama mjini Koboko ana njia kadhaa mbele yake: ya kusini kwenda Arua, ya kaskazini kwenda Oraba na mpaka wa Sudan Kusini, ya mashariki kwenda Yumbe na Moyo, na ya magharibi inayoingia Kongo. Mtandao nao una njia panda zake, na katika kila njia panda kuna mtambo uitwao ruta. Ruta haiijui safari yote. Haijui picha ni ya nani wala vipande ni vingapi. Husoma anwani, hutazama jedwali lake linalosema, "waendao upande ule wapeleke kwa jirani huyu," humkabidhi jirani, na kazi yake imekwisha. Jirani naye hufanya vivyo hivyo, hadi mwisho. Ikijaa kupita kiasi, ruta hukitupa kipande na kuendelea na vingine. Huo si uzembe. Wajibu wa kuhakikisha kwamba habari imetimia haukuwekwa njiani, umewekwa kwenye ncha mbili, kwa mpelekaji na kwa mpokeaji, na ndiyo maana njia yenyewe yaweza kuwa nyepesi na ya haraka.

Jedwali lile halichongwi juu ya jiwe. Ruta husalimiana kila mara. Jirani akinyamaza kupita muda uliowekwa, hufutwa, na njia nyingine hutafutwa. Hali kadhalika makampuni na mataifa hutangaziana kwa kanuni iitwayo BGP, iliyoanza mwaka 1989: "kwangu waweza kufika mahali fulani." Tangazo likiondolewa, wengine hubadili majedwali yao.

Watu wa West Nile hawahitaji mfano wa mbali. Mwishoni mwa mwaka 2024, daraja la Karuma lilifungwa kwa miezi kadhaa ili litengenezwe, na waliokuwa wakienda Arua wakapitia Masindi, wakavuka Nile pale Paraa ndani ya mbuga ya Murchison, kisha wakatokea Pakwach. Hakuna abiria aliyesema kwamba Arua imetoweka. Alisema tu kwamba safari imekuwa ndefu na nauli imepanda. Ndivyo unavyohisi mtandao unapobadili njia: picha hufika, ila hufika polepole.

Tena yapo mafunzo ndani ya mfano huu ambayo mafundi wa mawasiliano huyajua kwa uchungu. Mtu wa Koboko aweza kujisifu kwamba anazo njia mbili za kwenda Kampala: moja kwa Arua na Pakwach, nyingine kwa Yumbe, Moyo, kivuko cha Laropi, Adjumani na Gulu. Ni kweli, daraja la Pakwach likiharibika, ya pili itamfaa. Lakini zote mbili, katika desturi, hukutana Karuma. Likifungwa daraja la Karuma, zile njia mbili zimefungwa kwa kufuli moja. Kwa hiyo anayelaza waya wa pili ili uwe akiba ya ule wa kwanza, kisha akaupitisha katika handaki lile lile, amenunua waya mbili na njia moja.

Jambo jingine kuhusu njia. Majedwali yanapobadilika huweza kutokea ruta mbili zikarushiana kipande kimoja, kila moja ikidhani mwenzake ndiye ajuaye. Ili kisizunguke milele, kila kipande hupewa tangu mwanzo idadi ya hatua, mara nyingi 64. Kila ruta hupunguza moja. Ikifika sifuri, kipande hufa hapo hapo.

Kwa miaka mingi habari za Uganda zilizokwenda ng'ambo zilipitia satelaiti, iliyo juu ya ikweta kiasi cha kilometa 36,000. Kwenda na kurudi kwa swali na jibu kulichukua karibu nusu ya sekunde, hata kwa mwendo wa nuru. Mwaka 2009 mikonga ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa chini ya bahari, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Kutoka Mombasa nyuzi za kioo zilipanda hadi Nairobi na Kampala. West Nile ilingoja zaidi. Mwaka 2017 kampuni za Facebook, Airtel na BCS zilitangaza kulaza waya wa kioo wenye urefu wa kilometa 770 hivi kaskazini-magharibi mwa nchi, na Serikali nayo, kwa mkono wa NITA-U, iliufikisha uti wake wa mgongo wa mawasiliano katika miji kama Arua na Koboko. Jijini Kampala, tangu mwaka 2001, kuna kituo cha UIXP ambamo makampuni ya hapa hubadilishana pakiti zao, ili barua ya mtu wa Arua kwa jirani yake aliye na kampuni nyingine isilazimike kwenda Ulaya na kurudi. Kabla ya vituo vya namna hiyo, ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 2024 mikonga hiyo ilijaribiwa. Mwezi wa Februari mikonga mitatu ilikatika katika Bahari ya Shamu, ukiwamo ule wa SEACOM upande wa kaskazini. Kisha Jumapili ya tarehe 12 Mei, EASSy na SEACOM zikakatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Afrika ya Mashariki ikawa imejeruhiwa pande zote mbili. Kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala watu waliona mtandao umelegea. Hata hivyo haukufa. Matangazo ya njia yalibadilishwa, pakiti zikasukumwa katika mikonga iliyobaki, na vipande vilivyodondoka vikatumwa tena na tena hadi vikatimia. Aliyekuwa Arua hakujua kwamba barua yake imepita pengine. Alijua tu kwamba imechelewa.

Nchi kavu adui wa waya hana haja ya nanga ya meli, ana jembe. Nyuzi hizi hulazwa kandokando ya barabara, na mara nyingi hukatwa na wanaopanua barabara au kuchimba mitaro ya maji. Wapo pia wanaozifukua wakidhani watapata shaba ya kuuza. Ndani yake hamna shaba. Mna kioo chembamba kama unywele, kisichonunuliwa na mtu ye yote. Wasomaji wetu wa polisi watatenda wema mkubwa wakilieleza jambo hilo vijijini kabla ya wizi, kuliko kusubiri kumkamata mtu aliyebeba mzigo usio na thamani, ilhali hospitali na benki zimenyamaza.

Yako matatizo ambayo si ya waya wala bahari, bali ya umati. Mwezi wa Oktoba 1986, baina ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha California kilicho jirani, umbali wa yadi 400 hivi, mwendo wa data ulianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Waya ulikuwa mzima. Kilichotokea ni kwamba kila kompyuta ilipokosa jibu ilirudia upesi, marudio yakaijaza njia, vipande zaidi vikadondoka, na marudio yakazidi. Van Jacobson na mwenzake Michael Karels waliichunguza hali hiyo, na mwaka 1988 yakachapishwa mafunzo mapya kwa kompyuta: anza polepole, ongeza taratibu, na ukikosa jibu fahamu kwamba njia imejaa, nawe upunguze mara moja. Kila simu hufuata adabu hii. Sisi wenye simu ndio hatuifuati. Siku ya mshahara, watu wote wa kambi wakibonyeza kwa pamoja, na kila aliyekawizwa akibonyeza tena, tunairudisha ile siku ya Oktoba.

Wengine huuliza kwa nini barua ya maandishi hufika kamili, lakini mazungumzo ya sauti na picha hukatikakatika, uso wa baba ukagawanyika vipande mbele ya watoto. Sababu ni kwamba sauti haiwezi kungoja. Silabi iliyopotea ikiletwa baada ya sekunde mbili itakuwa imekwisha kupitwa na maneno. Kwa hiyo mazungumzo hutumia kanuni nyepesi zaidi, UDP, isiyorudia kilichodondoka. Kilichokosekana huachwa, na maneno husonga mbele. Mtandao ukiwa mbovu, acheni picha mtumie sauti, na sauti ikishindikana andikeni. Maandishi yatajisumbua yenyewe kufika.

Ndipo tunapozifikia zile tiki zinazovunja amani ya nyumba. Katika WhatsApp, tiki moja ya kijivu maana yake ni kwamba ujumbe umetoka kwako na kufika kwenye mitambo ya kampuni. Basi. Tiki mbili maana yake ni kwamba umefika katika simu ya mwenzako. Zikigeuka buluu, ameufungua, iwapo hakuizima alama hiyo. Tiki moja haisemi kwamba mume amekuona akakupuuza. Yasema kwamba simu yake haipatikani kwenye mtandao: imezimika betri, yuko bondeni pasipo mnara, yuko lindoni ameamriwa kuizima, au data yake imekwisha. Mitambo ile huuhifadhi ujumbe hadi siku 30 ikimngoja aonekane. Askari anaposafiri doria kwa siku nne, tiki moja kwa siku nne ni jambo la kawaida kabisa, na mke hana haja ya kumtafuta shahidi.

Sasa, mama wa Koboko, tuzirudie fedha zako. Fedha hazisafiri. Hakuna noti inayopita hewani juu ya Nile. Kinachosafiri ni amri, nayo huenda hadi kwenye daftari kubwa la kampuni, ambamo tarakimu hupunguzwa kwa mume na kuongezwa kwa mke. Kisha taarifa mbili hurudishwa, moja kwa kila mmoja. Amri ikipotea kabla ya kulifikia daftari, fedha zingaliko kwa mume, senti haikuguswa. Amri ikifika na taarifa ndiyo ikachelewa, fedha zimekwisha kuhama, hata kama simu zote mbili ziko kimya. Machoni pa mume hali hizi mbili zafanana kabisa, na hapo ndipo watu wanapoumia. Ile huduma ya kubonyeza nyota na namba huachwa wazi kwa muda mfupi tu. Muda ukiisha, skrini huandika kwamba imeshindikana, ingawa huenda amri imekwisha kupokelewa.

Kompyuta inayorudia kipande hukirudia na namba yake ile ile, ndiyo maana cha pili hutupwa. Binadamu anayebonyeza upya hatumi nakala. Anaandika amri mpya, yenye namba mpya, na daftari litaitii kama lilivyoitii ya kwanza. Kwa hiyo mumeo asibonyeze tena kabla ya kutazama salio lake na orodha ya malipo ya mwisho. Salio likiwa halikupungua, na atume. Likiwa limepungua, akutajie namba ya muamala iliyo katika orodha ile, nawe utazame salio lako bila kungoja ujumbe, maana ujumbe mfupi nao huhifadhiwa njiani ukaja baadaye, wakati mwingine baada ya fedha kwa saa nyingi.

Mkienda ofisi ya kampuni msianze kwa kusimulia nani alisema nini. Toeni namba ya simu, siku, saa na namba ya muamala. Orodha ya siku ile ikionyesha namba moja, fedha zilihama mara moja, hata kama mzee alibonyeza mara kumi. Ikionyesha namba mbili, zilihama mara mbili, na shilingi 200,000 za pili ziko katika simu yako, mama, zikikungoja uzitazame.